Ulimi wa Fundi Hemedi

Huko Likombe, mtu akitaka kujenga hufunga mchanga kidogo kwenye kimfuko akampelekea Fundi Hemedi auonje. Si utani. Hemedi huchukua punje chache, akaziweka kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho kama mtu anayeonja mboga ya mkwewe, kisha akatema. Akisema una chumvi, tipa linageuza. Mchanga wa pwani uko karibu na bei yake ni ya kutupa, ndiyo maana madereva wanaupenda. Lakini ukuta wake hutoa unga mweupe, plasta ikavimba na tofali zikaanza kulika. Mchanga safi hutoka mtoni, mbali, na bei yake haisemeki.

Kwa miaka thelathini Hemedi amewajengea watu nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa bado analala kwenye nyumba ya miti na udongo, ile ile aliyomwingiza mkewe Nuru siku alipomuoa, akimwambia hii ni ya kupitia tu, ya tofali inakuja. Nuru ameikandika hiyo nyumba ya kupitia kila kiangazi, mwaka baada ya mwaka. Msingi wa nyumba iliyoahidiwa ulikuwepo uani, umeota majani, mbuzi wakiufanya ndiyo malisho yao. Kila msimu wa korosho ulileta mifuko michache ya saruji, na msimu mbaya haukuleta kitu.

Halafu akaja Gideoni, mfanyakazi wa bandarini, mtu wa bara, akanunua kiwanja cha pembeni. Alikuwa na adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomchosha Hemedi zaidi, maana mtu ukimwonea wivu ungependa walau awe na maringo. Mwezi wa nane alifika na kimfuko chake.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa hapa mchanga hautumiki bila wewe kuuonja."

Hemedi akaonja, akatema. "Nchanga wa pwani huu. Una chumvi. Warudishie wenyewe."

Gideoni hakubisha hata neno. Alishukuru, akaagiza mwingine wa mtoni, na mafundi wake wakaendelea kuchimba msingi. Erasto, dereva wa tipa, akabaki barabarani na mzigo wake uliokataliwa.

"Mzee, umeniharibia siku," alisema. "Sasa niumwage wapi? Nipe hela ya mafuta tu nikuachie."

Hemedi alitazama msingi wake wenye majani. Akatazama upande wa pili, ambako msingi wa Gideoni ulikuwa unachimbwa tangu asubuhi. Alijiambia kwamba mchanga ukinyeshewa masika nzima, chumvi yote itashuka chini, na hilo si uongo, mafundi wanalijua. Angesubiri mpaka mvua ziishe. Akamwonyesha Erasto pa kumwaga.

Angesubiri kweli, kama si Nuru kuwa na macho. Kila jioni Nuru alikwenda kwa Upendo, mke wa Gideoni, akarudi na habari. Leo wamefunga lenta ya zege juu ya milango. Leo madirisha yamekuja, ya vioo vya kusukuma. Leo jiko limewekewa bomba ndani, mtu anaosha vyombo amesimama. Hakumlaumu mumewe, alisimulia tu, na sauti yake ilikuwa ya furaha. Hemedi alikuwa akila ugali wake, roho ikimchoma. Ile furaha ilikuwa yake yeye kuileta, aliiahidi tangu ujana, na sasa mkewe anakwenda kuiazima kwa jirani.

Mwezi wa kumi na moja korosho zilikuwa zimemlipa vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya misimu mingi. Wiki hiyo hiyo Gideoni akapandisha bati. Bati jipya likapiga jua, likamwakia Hemedi usoni mpaka kwenye mkeka wake wa kuswalia. Kesho yake alfajiri alichukua mwiko, akauendea ule mchanga. Haukuwa umepata hata tone la mvua. Hakuuonja.

Alijenga kama mtu anayefukuzwa. Fedha yote ya korosho iliingia humo, saruji, mbao, bati. Kabla mvua hazijakolea nyumba ilikuwa imeezekwa na kupigwa plasta, na Nuru alihamia akipiga vigelegele, Upendo akimsaidia kubeba vyungu. Miezi yote ya mvua Hemedi alikuwa mtu mwenye raha. Alifikia hata kumsifia Gideoni madirisha yake.

Mwezi wa sita, kuta zilipoanza kukauka, unga mweupe ulijitokeza chini ya dirisha. Akaufagia. Wiki iliyofuata ukapanda mpaka usawa wa kiuno, na kipande cha plasta kikadondoka juu ya kitanda. Hemedi alisema ni unyevu, utaisha.

Nuru alipitisha kidole ukutani, akakiweka ulimini. Akatema.

"Baba Sabra, huu nchanga uliuonja?"

"Niliuonja."

"Ukasemaje?"

Hemedi aliangalia sakafu. "Nilimwambia Gideoni aurudishe."

Nuru hakupiga kelele, na Hemedi alitamani apige. Alitoka, akajifunga kanga kiunoni, akachota maji, akaanza kukanyaga udongo mbele ya nyumba ya zamani, ambayo mvua zilikuwa zimeitoboa upande mmoja. Upendo alimwona, akaja, akavua viatu, akaingia naye kwenye tope bila kuuliza kitu.

Hemedi alisogea ashike jembe.

"Acha," Nuru alimwambia, mikono imejaa udongo. "Wewe umeshajenga. Ulimi wako umemjengea Gideoni nyumba nzuri."