Kikopo cha Arobaini

Lori la maabara lilimshusha mgeni getini saa nne asubuhi, likageuza, likamwachia vumbi mdomoni na bahasha ya majibu mkononi. Alikuwa amezunguka nchi nyingi na kuomba maji ya kunywa kwa lugha saba, lakini dampo lililogeuzwa uwanja wa nyasi hakuwahi kuliona. Alitarajia uvundo. Akakuta majani yanayofika gotini, na katikati yake mwanamke mnene aliyepiga magoti, akichokoa ardhi kwa bomba la chuma kama nesi anayetafuta mshipa.

"Ndiye huyo Mama Vikopo," mlinzi alisema. "Pita pembeni. Ukikanyaga nyasi zake atakukata miguu."

"Nimekusikia, domo kaya wewe!" mama alijibu bila kugeuka.

Zamani alikuwa mwokota taka hapo hapo dampo. Watafiti walipokuja kulifukia dampo na kupanda nyasi za kunyonya sumu, walimwajiri yeye kwa sababu alijua kila kilima kina nini tumboni: hapa betri, pale makopo ya rangi. Miaka kumi na moja sasa, kila mwezi alijaza vikopo thelathini na tisa vya udongo wa dampo, na cha arobaini udongo safi wa kulinganishia. Hajawahi kukosea kibandiko. Hilo alilisema mara tatu kabla hajamkaribisha mgeni kibandani.

Mlangoni mgeni alijikwaa kwenye gunia.

"Pole, mwanangu. Hayo ni makombo. Nikitoboa shimo, kikopo kinachukua konzi moja tu. Udongo unaobaki waliniambia niufukie kule nyuma, lakini udongo mweusi tii kama ule utautupaje? Nabeba nyumbani, natia bustanini."

Ukutani palikuwa na picha ya mjukuu wake wa miaka minne, amekumbatia kabichi kubwa kuliko kichwa chake.

"Haya, nisomee. Herufi za maabara ni sisimizi watupu."

Mgeni alifungua bahasha. Madini ya risasi, sumu ile ya ubongo, kikopo cha kwanza: yameshuka. Cha pili: yameshuka. Kufika cha ishirini mlinzi, aliyewafuata kibandani, alikuwa anapiga makofi, na mama anajipepea kwa kofia, uso umemchanua. Mgeni akafika mstari wa mwisho, akaufuata kwa kidole mara mbili.

"Umemeza ulimi?"

"Cha arobaini, Mama. Kimezidi vyote. Mara sita."

"Rudia."

Akarudia.

"Hao wamechanganya mafaili," mlinzi alisema.

"Au labda vibandiko..." mgeni alianza.

"Vibandiko nabandika mimi!"

"Basi udongo huo uliutoa wapi?"

"Siku zote nautoa kando ya msitu. Safari hii nikakuta wamejenga ukuta. Nikapiga simu maabara, wakaniambia chagua popote ambapo taka hazijatia mguu. Nikachota kwangu. Kwani kuna mahali pasafi kama bustani ya..."

Sentensi ilimfia mdomoni. Macho yake yalikwenda kwenye gunia, yakarudi kwenye picha, yakarudi tena kwenye gunia.

"Kila mwezi," mama alisema polepole. "Miaka kumi na moja. Na mtoto hana mboga nyingine anayoila, anataka ya bibi tu."

"Mwalimu wake wa chekechea analalamika anasahau. Nikamwambia mtoto mvivu huyo." Aliibandua picha ukutani, pini ikadondoka. "Damu wanapima wapi?"

"Hospitali kuu," mlinzi alisema. "Dada, ngoja nikutafutie pikipiki."

"Utanikuta njiani." Akamgeukia mgeni. "Wewe kaa hapa. Mtu asiguse hilo gunia."

Akatoka na mabuti yake ya kazi, akaukata uwanja katikati, akizikanyaga nyasi zake alizozilinda miaka yote. Mgeni alibaki kizingitini, mguu mmoja upande huu na mmoja upande ule wa gunia.