Mtunzi Hajulikani

Kitabu kile kina kurasa tatu za mwisho ambazo nikizifungua mpaka leo damu inanichemka. Zimepewa kichwa: Wasifu wa Wahusika. Ukurasa wa kwanza ni wa mwanamuziki wa Dar es Salaam, "mwenye vipaji vingi", anayepiga ala saba. Wa pili ni wa mchapishaji, tangu alipokuwa akiuza vitabu vya shule kwenye buti la gari hadi alipopata ofisi ghorofani. Wa tatu ni wa wizara ya kilimo, ilivyoanza na ilivyobadilishwa jina na kurudishiwa. Baba yangu, aliyetunga kila wimbo uliomo humo, amepewa maneno mawili chini ya kila wimbo, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: mtunzi hajulikani.

Hajulikani! Mtu aliyejulikana milima yote ya Usambara, toka Mlalo hadi Bumbuli, akikohoa njiani watu wanaweka chai jikoni. Alikuwa bwana shamba, mwajiriwa wa wizara hiyo hiyo yenye ukurasa wake. Jumapili alipuliza tarumbeta kanisani kwetu, Kilutheri. Jumamosi Waislamu wa bondeni walimwita kwenye arusi kupiga ngoma, naye alikwenda, mchungaji akune kichwa asikune. Gitaa alilipiga nyumbani, kodiani kwenye ubarikio wa vijana kanisani, na filimbi ya mwanzi alipokuwa akingoja ng'ombe wa jirani apone. Ala zake sikuwahi kuzihesabu. Kwetu hakuna aliyedhani ni jambo la kuhesabiwa.

Nyimbo alizitungia jikoni. Nilikuwa namwona, amekaa kwenye kigoda, gitaa pajani, anahesabu mikato ya maneno kwa vidole. Mama akikoroga bada alikuwa anamkatalia mistari. "Mstari huo mwanamke hauimbi akiwa na jembe," anamwambia, "pumzi itamwishia." Baba anaufuta, anaanza upya. Kwa hiyo nikisema nyimbo ni zake sisemi kwa kusikia. Nilikula ugali ule wa muhogo ukiwa na madonge kwa sababu mama alikuwa akisikiliza.

Sasa niseme kosa la baba, maana hasira yangu haikuanzia Dar es Salaam. Kwenye milima yetu neno matuta lilikuwa tusi. Bibi zetu walilazimishwa kuyachimba enzi za mkoloni, wakayakataa, na uchungu ule wakaurithisha kama shamba. Baba alipopanda mabonde na sare yake ya kaki kuwaambia watu wapande majani ya gwatemala kukingama mteremko, yashike udongo, walimsikiliza kwa adabu, wakamwitikia "Hongea, mghoshi," yaani asante, bwana, wakarudi kulima kutoka juu hadi chini kama kawaida. Mvua ikija, udongo wetu unateremka hadi Mazinde, kule tambarare, tunaupungia mkono.

Ndipo akatunga nyimbo za Kishambaa za kupandia majani yale. Na alipowafundisha akina mama, hakusema ni zake. Alisema alizipata kwa mzee mmoja wa zamani, marehemu, kwamba ndivyo mababu walivyoimba walipokuwa wakitunza mlima. Wimbo wa serikali wangeutema. Wimbo wa mababu waliupokea kwa mikono miwili. Wakapanda. Miteremko ya kwetu ikapata mistari ya kijani mmoja juu ya mwingine, na kabichi zikaanza kukaa mahali zilipopandwa.

Miaka ikapita, baba akastaafu, macho yakaanza kumfifia. Akaja yule wa ala saba. Wasifu wake unasema "alitumia muda mrefu akiishi na wakulima wa Usambara kuchimbua hazina ya jadi". Alikaa kwetu siku tatu. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyemtandikia kitanda. Siku ya kwanza alimwamkia baba "Shikamoo mzee," siku ya pili akamrekodi tangu asubuhi, siku ya tatu akashindwa kushika mdundo wa wimbo wa palizi hadi baba akampigia meza mara ishirini kwa kiganja. Alipoondoka tulimfungia matunda damu na karoti. Aliuliza nyimbo ni za nani. Baba akamjibu alivyozoea kuwajibu wote: za wazee.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Kwetu mtoto hamkosoi baba mbele ya mgeni, hata kama mtoto mwenyewe ni mwalimu mwenye mvi.

Kitabu kilizinduliwa Lushoto mjini, ukumbini, viti vikiwa na vitambaa. Mchapishaji alisema. Mtu wa wizara alisema. Mwanamuziki akapiga ala tatu kati ya saba. Baba alikaa safu ya nne amevaa koti lake la kanisani, akichezesha vidole gotini kila mwanamuziki alipokosea. Nilipofungua nakala yangu na kuona maneno yale mawili nikainuka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mkono wake ukashika sketi yangu, ukanivuta.

"Kaa," alisema.

"Tate, wamekufuta!"

"Kaa chini, mwanangu."

Nikakaa. Nikamwandikia mchapishaji barua siku iliyofuata. Akajibu, na kwa haki yake alijibu vizuri: toleo la pili lingerekebishwa, mradi mtunzi mwenyewe aweke saini kwenye fomu. Fomu yenyewe aliiambatanisha. Niliiweka mbele ya baba, nikamwelekeza kidole chake penye mstari. Akaurudisha mkono mapajani.

"Nikisema ni zangu, nimekuwa mwongo kwa watu wote hawa," alisema. "Watasema, kumbe ilikuwa serikali. Watang'oa majani. Uniahidi hutasema."

Nilimfokea. Sijivunii, lakini nilimfokea mzee asiyeona, baba yangu, nikamwambia anapenda udongo kuliko jina la watoto wake. Mwishowe nikaahidi, kwa sauti ya kubamiza mlango.

Alifariki mwanzoni mwa masika. Kama ilivyo desturi, wasifu wa marehemu lazima usomwe mazikoni, na kazi hiyo nilipewa mimi. Niliuandika kwenye karatasi ya daftari. Kuzaliwa, shule, ndoa, kazi, ugonjwa. Katikati nikaandika: Alitunga nyimbo zote za majani zinazoimbwa milimani kwetu. Nilijiambia ahadi kwa aliye hai inaisha anapokufa. Asubuhi tulibeba jeneza. Watu walijaa uani hadi kwenye migomba, Wakristo na Waislamu, na ng'ambo ya bonde gwatemala ilikuwa imesimama mistari kwa mistari, mvua imeiosha. Niliposoma nikafika kwenye sentensi ile. Nikaitazama miteremko. Nikairuka. Nikasoma: "Alipenda muziki."

Alipenda muziki! Kama mtu aliyekuwa na redio.

Baada ya mazishi, bibi jirani, mama mmoja wa bondeni aliyekuwa wa kwanza kupanda majani ya baba, alinifuata jikoni. Alikaa kwenye kigoda kile kile, akachukua muda kupata pumzi.

"Mwanangu, mbona hukuzitaja nyimbo zake?"

Nilidhani sikumwelewa. "Nyimbo zipi, bibi?"

"Za majani. Si zake?"

"Mlijua?"

Akanitazama kama ninavyomtazama mtoto wa darasa la sita asiyejua herufi. "Humo ndani inaimbwa gwatemala. Babu gani wa zamani aliijua gwatemala? Majani yale yalikuja kwenye lori la wizara, mimi mwenyewe nilishusha mizigo. Tulijua siku ile ile."

"Sasa kwa nini mlinyamaza?"

"Alikuwa anajisumbua sana, kijana wa watu. Tungemwaibishaje? Na nyimbo zilikuwa nzuri. Tukapanda."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Walijua! Bonde zima lilijua, likamfichia siri yake kwa adabu, naye akawafichia wao kwa adabu, nami nikakaa kwa adabu nilipovutwa sketi. Na wale wasomi watatu wenye kurasa zao, aliyechimbua hazina, aliyechapa, na walioyaleta majani yale kwa lori lao wenyewe, hakuna aliyejiuliza swali ambalo bibi asiyejua kusoma alilimaliza siku ile ile aliyousikia wimbo. Heshima ya kwetu na uvivu wa kwao vilikutana mahali pamoja, na hapo pakaandikwa hajulikani.

Nilimwandikia tena mchapishaji. Jibu lilikuwa fupi. Alinipa pole ya msiba, akasema anasikitika, utaratibu unahitaji saini ya mtunzi mwenyewe.

Kitabu kimeletwa shuleni kwetu, nakala za darasa zima. Wiki iliyopita nilifunga mlango wa darasa wakati wa mapumziko ya mchana, nikavipanga vyote mezani, nikatoa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Mwalimu mkuu alinikuta nimefika katikati ya rundo.

"Mwalimu, hivyo ni mali ya serikali," alisema.

"Hata baba alikuwa mali yake," nilimjibu.

Akaondoka bila kufunga mlango. Nikavuta kitabu kingine, nikakata neno hajulikani kila lilipo, na juu yake nikaandika jina la baba yangu, kwa herufi kubwa, la kwanza, la kati na la ukoo.