Kitabu cha Asiyejua Chochote

Mwalimu Flavia wa Old Moshi aliletewa kitabu cha kufundishia lugha ya kompyuta. Jalada lilijigamba: "Rahisi Kuliko Zote, kwa Asiyejua Chochote." Kurasa mia saba tu. Ukurasa wa kwanza ulimpongeza msomaji kwa kuchagua lugha nyepesi. Wa pili ukamwomba, kwa adabu zote, awe ameshajua nyingine mbili za namna hiyo.

Alikisoma wiki tatu, kamusi ya Kiingereza pajani. Kila alipokwama, kitabu kilimfariji kwamba hapo pako wazi, hapahitaji maelezo.

Mwishowe akakifunga, akachukua daftari, akaandika kwa Kiswahili namna ya kuipa kompyuta amri, kama anayemwelekeza mgeni kupika mtori: menya ndizi, chemsha na nyama, zikiwa bado ngumu endelea kuchemsha, zikilainika ponda.

Mkuu wa shule, Mwalimu Theodory, akalipekua daftari kwa mashaka.

"Mbona linaeleweka? Wataalamu watatucheka."

"Wacheke, mkuu. Kidato cha pili wameshaifanya kompyuta iwapangie zamu za usafi."

Mkuu akaguna, akaondoka. Jumatatu akarudi kuomba nakala, ya mpwa wake, alisema. Mpwa huyo ana miaka miwili.