Kule Hakuna Hodi

Jibu la tatu la kampuni liliingia simuni nikiwa nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi ya mchuzi wa mchana. Nililisoma, vidole vyeupe kwa nazi. "Tumepitia malalamiko yako. Akaunti hii ni ya mtu mzima. Hatukupata ukiukaji wowote wa kanuni zetu."

Nilirusha kifuu. Kikavuka ua, kikagonga ndoo ya bibi mwenye nyumba, naye akauliza kutoka ndani, "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, bibi. Leo nimechoka kuwa na adabu."

Huyo mtu mzima ni binti yangu. Ana miaka tisa.

Yalianzia katika duka la michezo ya video hapa Mtopanga. Mwenye duka ni baba wa watoto watatu, huniita shemeji kwa kuwa mume wangu ni mtu wa kwao. Alileta miwani kubwa ya kufunika nusu ya uso. Ukiivaa unajiona uko mahali pengine, na watu wa kweli wanakujia wakiwa na maumbo ya katuni. Kampuni ya miwani hiyo ni ile ile yenye mtandao tunakoweka picha za harusi na kufuatilia umbea wa mtaa, basi sikuona neno. Kuingia kunataka akaunti. Binti yangu alipotaka kuivaa, nikampa mwenye duka namba yangu ya simu na umri wangu, kama tunavyofanya sote tukiwafungulia watoto, maana ukiandika umri wa mtoto inakataa. Hapa kwetu hakuna anayeuita huo uongo. Ni kumshikia mtoto mlango apite.

Jumamosi ya nne tangu aanze kuivaa, kaka yangu alikuja, akainama kumsalimia mpwa wake. Mtoto akaruka nyuma, kiganja mbele ya uso. Mjomba anayemletea mabuyu! Nilimkalisha kitandani hadi akasema. Ndani ya miwani kuna uwanja wa kukutania. Mtu mwenye umbo la dubu na sauti ya mwanamume mzima alikuwa akimfuata, akisimama naye pua kwa pua, akimtaka waende chumbani kwake wakaongee wawili. Mtoto alimwambia ana miaka tisa. Yule mtu akacheka, akaendelea kumfuata.

"Hukumwambia apige hodi asubiri?" nikauliza, kwa ujinga wangu. Nimemlea hivyo: mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka.

"Mama, kule hakuna hodi."

Nilikwenda dukani nikavaa miwani mwenyewe. Hata dakika haikwisha, uso mkubwa ukanijia machoni, nikarudi nyuma nikabamiza friji ya soda. Wateja wakaangua kicheko.

"Mama watoto, hiyo ni picha tu!"

"Picha inayoniuliza naishi wapi?"

Mwenye duka akanivuta kando. "Shemeji, usiniharibie biashara. Mimi nakodisha miwani tu."

"Na watoto wako mbona hawaivai?"

Akachukua kitambaa, akafuta meza iliyokuwa safi.

Niliandikia kampuni. Nikaandika tena, na tena. Mume wangu, anayeendesha lori la bandarini, akasema nifute akaunti yaishe. Nikamwambia nikifuta, nafuta ushahidi, na yule dubu atabaki uwanjani na mtoto wa mwenzetu. Nataka waseme kwa vinywa vyao kwamba aliyekuwa mle ni mtoto. Ndipo likaja lile jibu la tatu.

Bibi mwenye nyumba alitoka akaniokotea kifuu. "Mwanangu, wataka kumshitaki mtu asiye na mlango. Hodi utaipiga wapi?"

"Serikalini, bibi."

"Haya. Kwanza maliza nazi, watu wana njaa."

Nilimaliza nazi. Kesho yake nikavuka daraja kwenda mjini, katika ofisi inayolinda taarifa za watu, karatasi yangu mkononi. Karani, mwanamke wa rika langu, aliisoma taratibu, kalamu ikasimama katikati.

"Dada, hapa umejishitaki mwenyewe. Tuutoe mstari huu?"

"Usiutoe. Wamejificha nyuma yake mara tatu."

Akanitazama, akagonga muhuri. Hivi ndivyo nilivyoandika:

"Mimi, mama na mkazi wa Mtopanga, nalalamika dhidi ya kampuni yenye miwani hii. Umri ulioandikwa katika akaunti ni wangu. Niliutoa mimi, na nilikosea. Lakini sauti iliyosikika humo ni ya mtoto wa miaka tisa, na umri wake aliutaja kwa mdomo wake. Kampuni inayojua napenda vitenge vya rangi gani haiwezi kuniambia haikumsikia. Naomba yule mtu aondolewe uwanjani. Naomba sauti ya mwanangu ikabidhiwe kwenu, kisha ifutwe kwao. Naomba wajibu kwa maandishi ni nani kati yao anayekaa mlangoni kuangalia nani anaingia. Nitakuja kuulizia jibu kila Jumatatu, na nitakuja na mtoto, mumwone alivyo mtu mzima."