Saa Nne, Ametulia

Miguu ndiyo ninayoikumbuka kwanza, kabla ya mtoto. Ilikuwa imevimba hadi viatu vya kazi vikakataa kuingia, nikawa natembea wodini na kandambili, jambo ambalo mkuu wetu angeliona angenifukuza. Lakini mkuu wetu alikuwa Homa Bay, na mkunga mwenzangu alikwenda msibani Rusinga, na Wajaluo hawaziki mtu kwa haraka. Hiyo ilikuwa siku yangu ya nne peke yangu katika zahanati ndogo ya uzazi huko Karungu, mwaka mmoja au miwili hivi baada ya Uhuru.

Mimi ni binti wa mwenye duka, Mwislamu wa Homa Bay mjini, na Kiswahili ndicho cha nyumbani kwetu. Kidholuo, lugha ya Wajaluo, nilikielewa, ila nikikizungumza akina mama walishika mbavu kwa kicheko, na mwanamke aliyeshonwa jana hafai kuchekeshwa. Basi tulisemezana Kiswahili, kila mtu kwa chake.

Mtoto alizaliwa jua likichomoza. Wa kike, wa kwanza kwa mama yake, kamba ya kitovu imemzunguka shingo mara mbili. Alitoka wa buluu, amelegea. Nikamfyonza ute, nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi, nikamwomba, nikamgombeza. Alichelewa kulia. Alipolia, nami nililia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko furaha.

Daktari aliyekuja kutoka Homa Bay kila wiki alikuwa ametufundisha kwamba mtoto aliyechelewa kulia usimwamini kwa rangi yake. Hasa yule aliyekosa hewa kidogo tu. Anapata rangi upesi, anafumbua macho, na wewe unamgeuzia mgongo. Ubongo wake hatukuwa na namna ya kuuona. Siku hizi nasikia wanabandika nyaya kichwani mwa mtoto wa saa chache, na mashine inachora yanayoendelea ndani. Sisi tulikuwa na kidole na saa. Kila nusu saa unamtia kidole mdomoni uone kama anavuta. Unamshtua kidogo uone kama anarusha mikono yote miwili sawasawa. Mkono ukitetemeka, unaushika. Ukitulia, ni mtetemo tu wa mtoto mchanga. Ukiendelea ndani ya vidole vyako, hilo ni degedege, na sindano haingojwi. Unaandika daftarini, unakwenda, unarudi tena.

Nilirudi mara nne, na mara zote alikuwa sawa.

Kisha akaanza kulia. Kilikuwa kilio chembamba, kisichopumzika, kilichoniingia hadi kwenye meno. Titi alilikataa. Mama yake, msichana mdogo bado, akawa analia naye. Upande wa pili wa pazia kulikuwa na mwanamke mwingine anayesukuma, na mimi ni mmoja tu. Nasema wazi, nilitamani mtoto yule anyamaze.

Hapo ndipo alipoingia nyanya yake, mama mzazi wa baba, na birika la uji. Akamsikiliza mtoto kwa muda, akaweka birika chini.

"Sista, huyu hana ugonjwa," akaniambia. "Huyu iko na mtu anamsumbua. Anataka jina."

Desturi hiyo niliijua tangu utotoni, kwa majirani zetu. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee humtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Likifika jina la yule anayetaka kukumbukwa, mtoto hunyamaza, na jina lake ndilo hilo. Nyanya akampakata, akaanza. Akataja wake wote marehemu wa baba mkwe wake, na walikuwa wengi, na kilio kikaendelea vilevile. Mwishowe akamtaja dada yake mwenyewe, aliyefariki akijifungua zamani. Mtoto akanyamaza, ghafla, katikati ya kilio.

Nyanya akapiga kigelegele huku machozi yanamtoka. "Amekuja! Sista, angalia, dada yangu amekuja!"

Niliangalia kutoka mlangoni, mikono yangu ina damu ya yule mwingine. Mtoto alikuwa ametulia, macho yameelekea upande mmoja, midomo inanyonya hewa. Nikasema alhamdulillahi.

"Andika saa, sista. Hii mambo inaandikwanga."

Nikanawa, nikaandika: saa nne asubuhi, ametulia. Sikumtia kidole mdomoni. Sikumshika mkono. Nusu saa iliyofuata sikurudi, wala iliyofuata hiyo, maana mtoto aliyepata jina lake si mgonjwa tena, na mimi niliyesomeshwa nililiamini hilo kwa sababu lilinipa nafasi ya kukaa chini.

Saa saba mchana nilimfunua nimwoshe. Mguu mmoja ulikuwa unakwenda kama wa fundi anayekanyaga cherehani. Nikaushika. Ukaendelea ndani ya kiganja changu.

Nilimpiga sindano, nikaomba Landrova ya misheni ya jirani, na saa kumi tukawa Homa Bay, mama, nyanya, mtoto na mimi na kandambili zangu. Daktari alitaka kujua degedege limeanza lini, akafungua daftari langu.

"Hapa umeandika ametulia. Alitulia vipi?"

Nikamweleza yale macho na ile midomo. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akaweka kidole juu ya mstari ule, akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba basi degedege lilianza saa nne.

Nyanya alikiona kile kidole, akatabasamu. "Eeh, saa nne," akamwambia daktari. "Ndiyo saa alipata jina."

Daktari akanitazama, nami nikatazama sakafu. Hakuna aliyemwambia.

Mtoto aliishi. Alichelewa kutembea, akiburura mguu wa kushoto, na maneno yalimjia kwa shida. Daktari aliwahi kuniambia kwamba huenda zile saa tatu zisingebadilisha kitu. Nimelishika neno hilo miaka yote, na halijanisaidia.

Miaka minne hivi baadaye nyanya alimleta zahanati kwa kidonda cha goti. Nilipokuwa nakifunga, akasema, "Mwambie, sista. Mimi namwambia kila siku, lakini wewe ndiye uliandika. Mwambie vile alipata jina."

Mtoto akanikazia macho, akingoja.

"Ilikuwa saa nne asubuhi," nikamwambia. "Ulikuwa unalia sana. Nyanya yako akakuita jina hilo, ukanyamaza."

Akacheka, akalirudia jina lake mwenyewe taratibu. Kisha akaniuliza kwa Kidholuo, neno moja moja, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni," nikamjibu.