Wa Mwisho Kuchagua

Watoto walimwita Mama Nawa, kwa sababu neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa "nawa!" Aliuza mkaa siku zote za juma isipokuwa Jumamosi, na hakuna aliyejua kuliko yeye jinsi kidole cheusi kinavyoharibu karatasi nyeupe. Ikifika Jumamosi alijisugua mikono kwa sabuni na mchanga mpaka viganja vikamwasha, kisha akaenda kufungua stoo ya shule ambayo wakazi waliojitolea walikuwa wameigeuza chumba cha kusomea.

Kilikuwa chumba chembamba, chenye dirisha moja na jamvi lililochanika. Vitabu vililetwa na wasamaria wema kwa maboksi, wala havikutosha. Ndiyo maana wale wa kujitolea walipatana tangu mwanzo kwamba mtoto wa mwenye zamu atachagua mwisho, asije mtu akasema wanajipakulia wao kwanza. Wenzake waliilegeza sheria hiyo taratibu. Mama Nawa hakuilegeza. Alikuwa mjane, hakutaka kunyooshewa kidole, na binti yake wa pekee akajifunza kukaa karibu na mlango na kungoja.

"Wewe ni wa nyumbani," alimwambia. "Subiri wageni wale kwanza."

Wageni walikula wakashiba. Mtoto wa fundi mwashi, aliyeingia mara ya kwanza akishika kitabu juu chini, sasa alizama katika habari za wanyama hata akasahau kwenda msalani. Mapacha wa mshona viatu waligombania hadithi za majini. Mama Nawa aliwajua wote kama vidole vyake: nani anapenda kuchekeshwa, nani anaogopa majoka, nani asomewe mara mbili ndipo aelewe. Binti yake aliondoka na kilichobaki, kitabu kisicho na jalada, au kile cha ufugaji wa nyuki alichokwisha kukikariri. Baadaye akaacha kuchukua. Mwisho akaacha kuja kabisa, akasema kichwa kinamuuma.

"Kichwa gani hicho kinachoijua Jumamosi?" mama alifoka, akatoka mbio, maana watoto wa watu walikuwa wakimngoja.

Likizo ilipofika, shangazi wa mtoto akaja kuwatembelea. Alikuwa fundi cherehani katika mji mwingine, naye hakujaliwa mtoto. Alimenya vitunguu jikoni na binti, wakaongea, wakacheka kicheko ambacho Mama Nawa hakukumbuka kukisikia nyumbani kwake.

"Wifi," shangazi akasema, "nipe huyu nikae naye. Shule iko jirani na kwangu."

"Unataka kunipora mwana?"

"Nikupore nini, wifi? Wako wamejaa stoo nzima! Huyu mmoja hata utajua kama hayupo?"

Alisema kwa utani, lakini ulipenya kama mwiba. Mama Nawa akajibu kwamba mtoto mwenyewe ataamua. Moyoni alijiambia, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwana naye hawezi kukosa kuujua.

Jumamosi iliyofuata alimbembeleza binti yake. "Twende, mama. Leo utachagua wa kwanza."

Boksi jipya lilikuwa limefika. Mama Nawa akalifungua mbele ya wote, akamsogeza binti mbele.

"Na sheria je?" pacha mmoja akauliza.

"Sheria leo imelala. Usiiamshe."

Wakacheka. Binti hakucheka. Aligusa kitabu hiki, akagusa kile, akakaa muda mrefu ameinama. Hatimaye akatoa kimoja chenye picha ya kifaru, akamkabidhi mtoto wa fundi mwashi. "Shika. Ndicho unachokitaka." Kisha akatoka. Mama Nawa alitaka kumfuata, lakini watoto walikwisha kulivamia boksi, na vitabu vitachanika. Nitamkuta nyumbani, akawaza.

Alimkuta, na begi likiwa limefungwa.

"Umeamua?"

"Ndiyo, mama."

"Nimekukosea nini, mwanangu? Nimewahi kukulaza na njaa?"

"Hapana." Binti alitazama chini, kisha akainua uso. "Mama, mimi napenda hadithi za nini?"

"Za wanyama," akabahatisha Mama Nawa.

"Hizo za mtoto wa fundi mwashi."

"Basi niambie. Niambie nijue."

Binti alifikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha mama yake.

"Sijui," akasema. "Leo nimelitazama boksi lote, nikaona vya wenzangu tu."

Mama Nawa aliwasindikiza mpaka kituoni. Hakumwomba mtoto abaki. Angemwomba kwa lipi? Wawili wale walipokwisha kuketi kwenye gari, alisogea dirishani, upande wa shangazi.

"Wifi," alisema, "siku akikijua anachokipenda, nipigie simu uniambie."