Tulivyolifuata Gitaa hadi Naivasha, Tukalipita

Kosa lilikuwa langu, na afadhali mlisikie kwangu kabla Chebet hajawafikia na chumvi yake. Mimi, ambaye safari yangu ndefu ya kila wiki ni kutoka kitandani hadi kwenye kiti kilicho kando ya redio, ndiye niliyesema, "Barabara ya Naivasha? Hiyo hata nikifumba macho nitawafikisha." Wakaniamini. Wakaniweka kiti cha mbele niwaelekeze. Tulipokuja kushtuka, Naivasha tulikuwa tumeiacha nyuma kitambo, Longonot nayo tumeipita, na mbele yetu ni malori ya Mai Mahiu yakipumua moshi.

Lakini safari huanzia nyumbani, hata kwa mtu anayepoteza njia.

Nyumbani ni Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, kwenye ploti ya vyumba vilivyoshikana mabega. Kuta zetu ni nyembamba kiasi kwamba mimi nikipiga chafya, Mama Shiro wa mlango wa pili huniambia "afya" bila kuacha kusonga ugali. Kwa ukuta huo huo, Mama Shiro amesikia kila wimbo wa Kamba Sita, bendi ya roki ambayo mimi, Otieno na Chebet tumeipenda tangu tukiwa sekondari, tulipokuwa na nywele za kutosha kuzitingisha.

Kati ya nyimbo zao zote, Otieno anapenda mmoja kuliko chakula: "Stesheni Imelala." Katikati ya wimbo huo mwimbaji hunyamaza, na gitaa peke yake linageuka kuwa treni. Linaanza kwa kukohoa, linajivuta, linashika kasi, halafu linapotelea mbali huku likilia. Babu yake Otieno alikuwa fundi wa reli hapa Nakuru, na Otieno mwenyewe alikulia kwenye nyumba za reli. Anasema gitaa hilo halidanganyi. Anasema hivyo kila mara, hata kama hujamuuliza.

Sasa Otieno alikuwa anaondoka. Amepata kazi ya udereva Uarabuni, mkataba wa miaka miwili, na ndege yake ilikuwa Jumatatu. Treni hiyo hakuwahi kuisikia ikipigwa mbele ya macho yake. Mara ya kwanza Kamba Sita walipokuja Nakuru, stima ilipotea gitaa lilipoanza tu kukohoa. Mara ya pili tuliwafuata Eldama Ravine, mvua ikanyesha hadi jukwaa likaelea, na bendi ikatuaga kutoka ndani ya gari, vioo vimefungwa. Kwa hivyo tuliposikia wanacheza Naivasha Jumamosi, siku mbili kabla ya ndege, Otieno alikuja kwangu na tisheti tatu nyeusi, sare yetu mashabiki wa roki.

Jumamosi asubuhi Chebet alifika na Probox yake. Chebet husambaza mayai kutoka Njoro, na gari lake lina trei tupu hata kwenye dashibodi. Mama Shiro alikuwa nje anaanika nguo.

"Leo Wafula anatoka nje ya geti," alisema akinitazama, kana kwamba anatangaza kupatwa kwa jua. "Mnaenda wapi?"

"Naivasha, Mama Shiro. Kusikiliza Kamba Sita."

"Wale wa redio yako?"

"Hao hao."

Alitazama redio yangu kupitia mlango ulio wazi, akanitazama mimi, akaendelea kubana nguo zake kwenye kamba.

Tulipopita Mbaruk na Ziwa Elementaita likaanza kung'aa upande wa kulia, nilikuwa tayari nimeanza hotuba. Mtu asiyetoka nyumbani akipewa dirisha la gari, mdomo humfunguka. Niliwaonyesha flamingo. Tulipopita Gilgil niliwaonyesha pundamilia, ingawa nao walikuwa na macho yao. Halafu nikaingia katika kisa cha Eldama Ravine, tangu tone la kwanza la mvua hadi kiatu changu kilichobaki matopeni, na ilikuwa hapo, kiatu kikiwa ndiyo kwanza kinazama, ambapo tulipita mahali pa kukunja kuelekea ziwani. Nilipaona. Nilidhani ni njia ya watu wa mashamba ya maua.

"Boss, hii milima inakuja karibu sana," Chebet alisema baadaye.

"Endelea tu," nikamwambia. "Naivasha iko chini."

Mai Mahiu. Chebet alisimamisha gari mbele ya kibanda cha chai, akazima injini, akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwani. Afadhali angetukana. Otieno alitazama saa yake, kisha akatazama malori. Tamasha lilikuwa lianze saa sita, na saa sita ndiyo hiyo ilikuwa imefika.

"Pole, ndugu yangu," nikasema.

"Si kitu," akajibu. Otieno akisema "si kitu" ujue ni kitu.

Mwenye kibanda, mama mmoja mwenye leso ya bluu, alitutazama sisi watatu na tisheti zetu nyeusi, akaja na chai kabla hatujaagiza. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Poleni sana, wanangu. Mnazika wapi?"

"Hatuziki, mathe," Chebet akamjibu. "Tunaenda kusikiliza bendi."

"Bendi ya mazishi?"

"Bendi ya roki."

Mama alifikiri kidogo. "Na huyu mbona analia?"

Otieno hakuwa analia, ni vumbi, au ndivyo alivyosema. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akila chapati kwenye benchi la pili alicheka hadi akakohoa. "Bendi ndiyo huliza watu," alisema. "Mimi niliwahi kuegesha lori Salgaa usiku mzima kungoja bendi niliyoipenda. Wakaja, wakaimba wimbo mmoja, wakasema wanaenda kula warudi. Mpaka leo wanakula."

Hata Otieno alitabasamu. Tulikunywa chai mbio mbio, na mama akakataa kutuacha tuondoke bila mandazi ya njiani. "Hata kama hamziki," alisema, "nyuso zenu si za watu wanaoenda kufurahi." Dereva akanielekeza njia. Alimwelekeza Chebet, kusema kweli. Mimi nilihamishiwa nyuma, katikati ya trei za mayai.

Tulifika uwanjani, karibu na ziwa, saa nane kasoro, tukitoka jasho kama tuliokimbia kwa miguu. Otieno alishuka gari likiwa bado linatembea.

"Wamemaliza?" alimuuliza dada wa getini.

"Wamemaliza nini? Tulia, boss. Bendi iko hoteli, inakula."

Chebet aliegemea usukani akacheka kimya kimya, mabega tu yakitikisika. Mimi nilijinyoosha. Kosa langu lilikuwa limesafishwa na bendi yenyewe! Nilitaka kulitaja jambo hilo, lakini Chebet alininyooshea kidole kabla sijafungua mdomo.

Basi tukaketi kwenye nyasi pamoja na wenzetu, wote weusi kama kunguru, wote wakitazama jukwaa tupu. Na kama ijulikanavyo, Wakenya wakikaa pamoja wakingoja, hawawezi kukosa kutoa ushuhuda. Ilianza kama mzaha. Mwanamume mnene kutoka Molo alisimama, akavua kofia.

"Jina langu halina maana, mimi ni shabiki," alisema, na watu wakaitikia kama kanisani. "Hawa walikuja kwetu Molo. Wakapanda jukwaani, wakapiga kelele, 'Eldoret mpo?' Tukajibu, 'Tupo!' Tungefanyaje? Ni wageni wetu."

Dada mmoja wa Njoro akafuata. Kisa chake: mwimbaji alisahau maneno mbele yake, ikabidi ampandie jukwaani kumkumbusha, naye mwimbaji akamshukuru kwa jina lisilo lake. Otieno akasukumwa asimame. Otieno ni mtu wa aibu, mtu wa kuongea na watatu, si na mia. Lakini alisimama, akaeleza ile stima ya Nakuru na mvua ya Ravine, na kwamba Jumatatu anapanda ndege.

"Naomba tu ile treni," alimalizia. "Kelele zingine zote naweza kuwasamehe."

"Utaipata!" uwanja ukamwahidi. Sijui tulikuwa tunaahidi kwa mali ya nani.

Kamba Sita walipanda jukwaani jua likiwa limeanza kulala juu ya ziwa. Walikuwa watatu badala ya watano. Mwimbaji alikuwa amenenepa, jambo ambalo sina haki ya kulisema. Gitaa lilikuwepo, limetundikwa nyuma kama picha ya marehemu. Lakini wa kulipiga hakuwepo.

"Mpiga gitaa ameenda wapi?" nilimuuliza yule wa Molo.

"Aliokoka. Siku hizi anapiga kanisani, na huko anafika mapema."

Mahali pake palikuwa na kijana na kompyuta juu ya meza. Waliimba nyimbo mpya, za kuchezesha kiuno, na sisi tuliokuja kutingisha vichwa hatukujua tutingishe nini. Halafu mwimbaji akasema jina lenyewe, "Stesheni Imelala," na uwanja mzima ukainuka.

Akaimba mstari wa kwanza. Wa pili akatugeuzia maikrofoni. "Imbeni, Naivasha!" Tukaimba. Yeye akanywa maji. Tukaimba ubeti wa pili pia, na wa tatu, yeye akipangusa uso na kutusifu. Nilimtazama Otieno. Hakuwa akiimba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja.

Pakafika pale mwimbaji hunyamaza. Akanyamaza. Kijana akabonyeza kompyuta.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akainama akaipuliza, naapa, kama mtu anayewasha jiko. Nikawaza Jumatatu, nikawaza miaka miwili ya mchanga, nikawaza kwamba hata kama nisingepotea njia, tungefika mapema na kukipata kimya hiki hiki.

Ndipo nikasikia kitu kando yangu. Kilikuwa chini sana, kama mtu anayesafisha koo. "Kho... kho... chu." Otieno alikuwa amefumba macho. "Chu... kuchu... kuchu-kuchu..." Alikuwa anaipiga treni kwa mdomo, noti kwa noti, na vidole vyake vinatembea hewani. Yule wa Molo akasikia, akaingia na magurudumu. Dada wa Njoro akatia honi. Safu ikashika safu, na kabla treni haijatoka stesheni uwanja wote ulikuwa behewani, maana nani kati yetu hakuijua? Sote tulikuwa tumeisikiliza nyumbani hadi majirani wakachoka. Mimi mwenyewe nilipewa breki. Chebet anasema nililia kama mbuzi, lakini yeye alikuwa anapiga trei ya mayai aliyokuja nayo kukalia, kwa hivyo hawezi kuwa shahidi mwema.

Tulipofika kwenye kona ya mwisho, pale treni inapoanza kupotelea mbali, kompyuta ikaamka. Gitaa la kurekodiwa likalia ghafla, safi kabisa, mahali pasipo pake.

"Zima!" uwanja ukapiga kelele. "Zima hiyo!"

Kijana akazima. Tukaipeleka treni yetu wenyewe hadi ikaisha. Mwimbaji akapiga makofi, akasema, "Asante sana, Nairobi!" na bendi ikashuka.

Tulipofika Kikopey tulisimama kula nyama. Otieno hakuwa na sauti tena. Alikuwa anaagiza mbavu kwa kidole.

"Haya," Chebet akamuuliza, "umeisikia treni yako live?"

Akatafuna, akameza, akajaribu koo. "Sikuisikia vizuri," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Nilikuwa naipiga." Halafu akacheka hadi mwenye nyama akaja kuuliza kama ni mfupa umemkwama.

Nilichojifunza katika safari hii ni kichache. Nimejifunza kwamba njia ya watu wa mashamba ya maua ndiyo njia ya ziwani. Nimejifunza kwamba bendi uipendayo inaweza kukuangusha mara tatu na bado ukarudi nyumbani umeshiba. Na nimejifunza kutofika kwa Mama Shiro nikiwa na majivuno.

Maana tulipoingia kwenye ploti alikuwa bado mlangoni, anapika chapati kwenye jiko. Sikungoja aniulize. Nilimweleza yote, Mai Mahiu, ushuhuda, kompyuta iliyozimia, na vile sisi mashabiki tuliipiga treni kwa midomo yetu hadi mwisho. Otieno, ingawa koo lilikuwa bovu, alimwonyesha kile kikohozi cha mwanzo. Chebet akagonga trei. Nami nikatia breki.

Mama Shiro alitusikiliza mpaka tukamaliza. Akampa Otieno chapati ya kwanza, ya mtu anayesafiri. Akageuza ya pili, akaniambia:

"Kwa hivyo mlienda mpaka Naivasha kuimba wenyewe. Mimi hao watu nimewasikia bure kwa ukuta wako miaka yote hii, Wafula, na hakuna hata siku moja wamechelewa."